Kizazi Kinangojea Mugeni

"Mama Séphora, dokta anaenda kutafuta nini mule ndani ambacho Mungu hajaona?"

Jirani yangu Hadassa aliniuliza vile siku moja, hapa kwetu Bulengera, mutaa wa Butembo, tukichagua maharagi. Nilimujibu polepole. Binti yangu Séphora alikuwa na myaka mingi ya ndoa bila mutoto. Kule Kampala badokta balichukua mayai yake na mbegu ya bwana yake Gracien, bakaunganisha. Sasa kuna batoto, kila mumoja mudogo kuliko punje ya chumvi, banangojea katika baridi ya hospitali. Lakini mbele ya kumuwekea, balitaka kizazi kiangaliwe kwanza na kamera. Kizazi kikiwa na shida, mutoto atapotea bure.

Kamera ile ilipatikana Beni. Tulitoka Butembo siku moja mbele ya kuangaliwa: Séphora, Gracien, mimi, na Rébecca, mama ya Gracien. Rébecca si mutu wa kuficha neno. Pale kwenye barière ya basoda barabarani, gari imesimama, alisema mbele yetu wote kwamba safari hii ikishindikana, kule Kirumba kuna musichana ambaye bazazi bake bameisha kuulizwa kama batamuoza kwa Gracien. Gracien alitazama barabara. Séphora alitazama viatu vyake. Mimi nilisali ndani ya moyo.

Asubuhi, kwenye nyumba ya wageni, nilienda kunawa uso. Nyuma ya mulango wa douche, pale pa kuogea, kulikuwa poire imetundikwa, ile ya mupira ya kuosha tumbo za batoto bakifunga choo. Ilikuwa ingali inatona maji ya kijani, na ilinuka majani machungu. Lakini nyumba ile yote haikuwa na mutoto.

Nilimukuta Séphora ameketi kwa upande mumoja wa kitanda, kama mutu mwenye jipu.

"Rébecca alikuosha kule chini?"

"Mama, usiseme. Ni mama ya bwana yangu. Alisema mugeni anakuja, nyumba ifagiliwe."

"Toka lini?"

"Toka Butembo. Inachoma."

Kwetu bibi hamushitaki mama mukwe mbele ya bwana yake. Nilimuambia avae, twende.

Kwa dokta, Rébecca aliomba aingie katika chumba cha kamera. Alitaka kuona na macho yake, akasema, sababu maneno ya badokta yanapinda. Dokta Zorobabel alimuuliza Séphora kama anakubali, naye akakubali na kichwa. Donc tukaingia wote. Kamera ilikuwa nyembamba kama bua la mutama. Kwenye ekrani kukatokea kama pango, rangi ya nyama. Dokta alikuwa anatuelezea, kisha akarudisha kamera nyuma, akaangalia tena.

"Kizazi hiki kiko muzuri," akasema mwishowe. "Nyama ya kuota hakuna, kovu hakuna. Mais angalieni hapa, ni nyekundu, madoa-madoa. Na kwenye mulango wake kumeungua. Séphora, ulitumia nini?"

Séphora alifunga macho. "Hakuna kitu, dokta."

"Tusipojua, Kampala batafikiri ni ugonjwa wa mwili wako. Pengine batakataa kukuwekea mutoto."

"Si nilisema?" Rébecca akadakia. "Yuko na ugonjwa. Gracien, umesikia."

Nilimuomba Mungu sauti isiyotetemeka.

"Dokta, ni majani. Yaliingizwa na poire. Niliiona asubuhi nyuma ya mulango, ingali inatona maji."

Hakuna aliyeuliza poire ya nani. Gracien aligeuka. Mama yake alikuwa amekumbatia kikapu kilichofunikwa na kitenge, na ncha ya mupira ilitokeza pembeni ya kitenge.

"Mama?"

"Nilimutengenezea mutoto wako njia. Nani anapokea mugeni kwa nyumba chafu?"

Dokta hakumugombeza. Alisema atatoa dawa, pakishapona ataangalia tena. Batoto ba Kampala habaharibiki, batangojea. Lakini asioshwe tena, hata na maji ya kuombewa.

Gracien alishika mukono wa bibi yake, pale kwenye kitanda cha dokta, mbele ya macho yetu.

"Mama, bale bazazi ba Kirumba, utabaambia hapana. Wewe mwenyewe."

Rébecca hakumutazama mwana wake. Alinitazama mimi. Kisha akafunika ncha ya poire na kitenge, akabeba kikapu, akatoka.