Kitufe cha Baba Mkwe

Mume wangu Isakwisa ana sifa nyingi, ila ukimpa ujumbe aupeleke, hufika umepungua. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa wiki tatu nilimtegemea yeye, na wiki zote tatu nilihangaika na waya ambao haukuwa na kosa lolote.

Baba mkwe wangu, Mzee Anyosisye, alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha chai. Alipostaafu alibaki na redio yake ya mawasiliano, ile ya kuongea na kusikiliza, na leseni yake ukutani. Kila Jumamosi saa kumi jioni huongea na Lukasi, aliyefanya naye kazi, ambaye sasa yuko Tabora. Ni miaka ishirini sasa. Mwaka huu akaanza kushindwa kuzungusha vifundo vya redio. Nikadhani ni macho. Kazi yangu ni kuandika programu, basi nikaandika moja ya kuiendesha redio kwa kompyuta: andika namba, masafa yanakuja, shikilia kitufe kirefu cha kibodi uongee, achia usikilize.

Shida ni kwamba hapa kwetu Kawetele, kwa mzee huyu, mila bado ipo. Mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akipita uani, mimi nageukia migomba. Kwa hiyo programu niliiandikia jikoni, Isakwisa akaipeleka chumbani kwa baba, na malalamiko yakarudi kwa mdomo wake.

"Baba anasema inakatakata."

"Nini kinakatakata?"

"Sauti. Nadhani."

"Kamuulize, ikikatika, taa ya redio inazima?"

Akaenda, akakaa nusu saa, akarudi anakula parachichi. "Anasema inakatakata."

Nilibadilisha waya. Nikaubadilisha tena. Nikailaumu mvua, nikaulaumu umeme. Alhamisi Isakwisa akaja na jipya, na safari hii halikupungua hata neno: Jumamosi hii isipofaa, baba atamuaga Lukasi, atashusha antena, na redio ataigawa. Nilikasirika, halafu nikaumia. Uso wake siujui vizuri, lakini kicheko chake cha Jumamosi nakijua, huvuka ua mpaka jikoni. Sikutaka kikome.

Nikafungua kumbukumbu za programu, ambazo huonyesha kila mara kitufe kinapobonyezwa. Salamu moja tu kwa Lukasi: mara arobaini na moja. Nikaitazama namba ile mpaka ndizi zikaungua.

"Isakwisa, mikono ya baba inatetemeka?"

"Tangu Krismasi. Kwani hujui, Dainess?"

"Ningejulia wapi, na mimi natazama migomba?"

Miaka sita naishi naye uwanja mmoja, na sikujua mikono yake inamsumbua. Nililia kidogo, nikamgombeza mume wangu zaidi ya kidogo, kisha nikarekebisha programu: gusa mara moja uongee, gusa tena usikilize, na mitetemo inayofuata mguso isihesabiwe.

Jumamosi saa kumi niliepua sufuria, nikasikiliza kupitia kompyuta yangu, niliyoiunganisha na yake. Sauti ya mzee ilitoka nzima, kuanzia salamu mpaka habari za ng'ombe aliyezaa. Lukasi akauliza fundi ni nani.

"Mkamwana wangu."

"Mshukuru basi!"

"Nitamshukuruje, na ni mkwe wangu? Lakini hewani kila mtu anasikiliza. Kituo chochote kinachonipata, hasa kama kiko jikoni: ndaga fijo. Asante sana. Nasubiri jibu."

Mimi sina leseni ya kuongea hewani. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaandika maneno yatokee kwenye kioo cha kompyuta yake, kwa herufi kubwa kuliko zote: NIMEPOKEA, BABA.

Ni maneno yangu ya kwanza kwake tangu niolewe. Kicheko kikavuka ua mpaka jikoni, kizima, bila Isakwisa kukibeba.