Baruti ya Saa Nne

Mtu akikuita mvivu utacheka, akikuita mjinga utanuna, lakini "mwizi" ni neno linalokaa kooni. Pontien alitupiwa neno hilo Jumanne, mlangoni mwa duka la bunduki pale Kalundu, wauza mchele wote wakisikia.

"Weye iko mwizi!" alifoka Bwana Jean-Berchmans, Mbelgiji mwenye duka. "Baruti ya risasi mia tano imejaza mia nne na sitini. Ingine iko wapi? Jumamosi unaenda kwa polisi!"

Na enzi hizo za Wabelgiji, nawaambia, mtu mweusi kushikwa kwa wizi wa baruti halikuwa jambo la kuonywa akarudi nyumbani. Ilikuwa jela.

Pontien aliogopa, nani asingeogopa? Lakini kuliko woga, swali lilimwasha: baruti inakwenda wapi? Ni yeye aliyeendesha mashine ya dukani ya kujaza risasi, iliyotoka Amerika. Ukivuta mkono wake mara moja, ganda moja linapata fataki ya kuwashia, la pili linapata baruti, la tatu linafungwa. Baruti ilishuka kutoka chupa ya juu, ikajaa kitundu cha kipimo, ikamwagika gandani. Kitundu cha chuma hakinenepi. Sasa je?

Jumatano alifungua kipimo, akakipangusa, akakaza kila skrubu. Bado. Akahakikisha chupa haipungui nusu. Wapi!

Alhamisi akaja shemeji yake Octave, anayelinda mashamba ya mpunga ya Bwegera dhidi ya viboko. Bega lilikuwa limevimba.

"Shemeji, risasi yenu iko nanipiga minye kuliko inapiga kiboko!"

Pontien aliruka. Mwizi wa baruti si anaacha risasi dhaifu? Hii ilikuwa na nguvu kupita kiasi! Basi baruti haikuibwa. Imo ndani ya risasi zenyewe. Akamnyang'anya Octave mfuko wote kabla bunduki haijampasukia usoni.

Ijumaa akapima baruti ya kila ganda kwa mizani. Za asubuhi mapema zilikuwa sawasawa. Kuanzia saa nne, zikazidi.

"Saa nne kuna nini?" alijiuliza kwa sauti.

"Saa nne mwizi anaamka," alijibu Bwana, wala hakuinua macho.

Pontien akatoka nje kupunga upepo. Hatua chache kutoka ukutani Gloriose, mama muuza mchele wa Bwegera, alikuwa akigombana na mteja wa Kavimvira.

"Toa goti lako kwa meza yangu! Unafikiri sikuoni?"

"Mama Gloriose, goti limekosa nini?" aliuliza Pontien.

"Baba Ernestine," alijibu, akimwita Pontien kwa jina la bintiye, "huyu ni mjanja! Minye najaza kopo, yeye anatikisa meza. Mchele unashuka, unashikamana, kopo linaonekana halijajaa, naongeza. Kopo ni lile lile, mchele unazidi. Ndiyo maana sipimi karibu na ukuta, mashine ya jirani ya kukoboa mpunga ikianza. Ukuta wote unatetemeka."

"Inaanza saa ngapi?"

"Weye unafanya kazi ukuta huo huo, unaniuliza minye? Saa nne!"

Mungu wangu! Pontien alirudi ndani mbio. Meza ya mashine ya risasi ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye ukuta ule ule. Akaing'oa, akaisogeza katikati ya chumba, akavuta mkono mara kumi huku mashine ya jirani ikinguruma. Akapima mbele ya Bwana. Kumi, zote sawa. Kisha akamfungulia risasi za Octave. Baruti iliyopotea ilikuwa humo, katika risasi moja baada ya nyingine.

Bwana Jean-Berchmans alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akaenda akafunga mlango, akasogea karibu, akanong'ona kwa Kifaransa kwamba amesikitika, kwamba amekosea.

Pontien aliyafahamu maneno hayo vizuri, shule ya mapadri alipita. Alikwenda mlangoni, akaufungua wote wazi. Wauza mchele wakageuza shingo.

"Asante, Bwana," alisema. "Sasa rudia kwa Kiswahili."

Mbelgiji aliwatazama wanawake, akamtazama Pontien.

"Pontien..." alianza. "Pontien haiko mwizi."

"Sauti juu kidogo, Bwana," alisema Gloriose. "Jumanne tulikusikia mpaka huku."