Konseto Moja, Pumzi Nne

Annastella aliziona kabla hajafika uani kwa shemeji yake. Zilikuwa zikining'inia kwenye kamba juu ya shamba la mtama, zikigeuka kwa upepo na kummulika usoni, na mwanzoni alidhani Karugendo amenunua vioo. Alipokaribia akasimama katikati ya njia. Zilikuwa CD za marehemu mume wake.

"Karibu, Ma Annastella!" Karugendo aliita kutoka mlangoni. "Unashangaa nini? Ndege nimewaweza mwaka huu. Hawa wa Muleba hawaogopi mtu wala mbwa, lakini hizo sahani wanaziheshimu kama askari wa barabarani."

Annastella aliingia, akasalimu kwa kupiga magoti, akapewa kahawa ya kutafuna, akabaki ameishika kiganjani.

"Redio iko wapi, waitu?" aliuliza mwishowe, kwa heshima ya Kihaya.

"Radi, shemeji. Masika yale. Ilipita kwenye waya, redio ikafuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Sasa sahani bila redio ni nini? Nikasema tusitupe vitu vya marehemu, navyo vifanye kazi. Wewe ngoja tu, pombe ya lubisi ya Krismasi utainywa hapahapa, na mtama wake ni huo."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema. Karugendo hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyechimba kaburi la mdogo wake kwa mikono yake, huko nyuma kwenye migomba, na kila wiki alilipalilia. Annastella alitafuta mtu wa kumkasirikia, hakumpata.

Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulikaa ukagawa vitu vya marehemu Buberwa. Karugendo, kaka mkubwa, alipewa koti, baiskeli, na redio ya kuchezea CD pamoja na kasha la CD zake. Annastella alikuwa mkekani na wanawake wengine, khanga imefunika kichwa. Mjane hanyanyui sauti siku hiyo. Angeweza kumnong'oneza shangazi mmoja, na shangazi angesema, na kasha lingebaki. Lakini alijiambia kwamba kasha limekwenda kwa ndugu, halijapotea. Ataliazima moyo ukipoa. Moyo haukupoa. Ulizoea tu, na hilo lilichukua zaidi ya mwaka.

Buberwa alikuwa mwalimu wa muziki. Klarineti, zumari ndefu ya kupuliza, alijifunza utotoni katika bendi ya parokia kule Kashozi, akapata mfadhili, akaenda Ulaya kusoma. Huko, mara moja tu katika maisha yake, alisimama mbele ya okestra akapiga konseto. Wakiwa wachumba alimweleza Annastella kwamba konseto ni mazungumzo: chombo kimoja kinasema, kundi zima la vyombo linajibu. Aliporudi alikuja na CD tupu alizozijaza mwenyewe kwa kompyuta ya chuo, zote za aina moja, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino. Nne kati ya hizo zilikuwa na konseto ileile. Tatu zilipigwa na mabingwa wa dunia. Ya nne aliipiga yeye.

Nyumbani kwao Bilele, Jumapili baada ya misa na chakula, Buberwa aliketi na redio yake akaziweka moja baada ya nyingine, maandishi ameyafunika kwa kiganja. Aliweka sehemu ya katikati tu, ile ya polepole.

"Haya, mke wangu. Mimi ni yupi?"

"Wa pili."

"Wa pili! Yaani unalala na mimi kila siku, halafu unanichanganya na mzee wa Kijerumani?"

"Si wimbo ni mmoja? Nitajuaje?"

"Wewe na Mama mnapika ndizi zilezile, kwa maharage yaleyale. Nikifumba macho, sitajua cha Mama ni kipi?"

Kisha alimfundisha. Sikiliza huyu, anaharakisha kama anayekimbilia mvua. Huyu kila noti ameipiga pasi. Huyu sikiliza anapovuta pumzi kabla ya kupanda juu. Kuna wanaoificha pumzi na kuna wasioweza. Annastella, aliyemaliza kidato cha nne na kuanza kushona sare za shule, hakujua noti hata moja, lakini alizipenda Jumapili hizo. Alibahatisha kila mara, na baada ya siku ile ya kwanza Buberwa hakumwambia tena kama amepatia. "Siku utakayonijua bila kubahatisha," alisema, "utaiona sura yangu."

Maandishi ya wino yalikuwa palepale juu ya CD. Siku yoyote angeweza kufunua kasha na kusoma. Aliona ni kama kuchungulia majibu ya mtihani. Figo zilipomzidi mumewe, kitandani hospitalini, alimwuliza, "Niambie basi, ulikuwa yupi?" Naye akasema, "Tutasikiliza nikirudi." Alirudi ndani ya jeneza.

Sasa Annastella alitoka kwenda kwenye mtama na kufungua kamba. Karugendo alimfuata, akamsaidia bila kuelewa vizuri.

"Nyingine upepo umechukua," alisema. "Na watoto wa jirani wametengenezea magari. Shemeji, kama ulikuwa unazitaka, si ungesema?"

"Ningesema."

Mvua ilikuwa imeosha wino wote. Jua lilikuwa limefanya kazi yake pia: nyingi zilikuwa zimepauka, na ukizielekeza angani unaona mwanga upande wa pili. Alizifunga kwenye khanga, akaingia kumuaga mama mkwe.

Ma Kokugonza alikuwa hatoki tena kitandani. Aliposikia kilichokuwa ndani ya khanga aliushika mkono wa mkwewe.

"Kashozi nilikuwa namsikia, akiwa mtoto, mashavu yamejaa kama ana kiazi mdomoni," alisema. "Hayo ya Ulaya sikuyasikia. Ukimpata, mwanangu, niletee. Usikawie. Mimi sina muda wa kuringa nao."

"Nitamleta, Mama."

Kesho yake alikwenda kwa Lukmani, fundi wa redio na simu karibu na soko la Bukoba. Lukmani na Buberwa walikuwa marafiki. Hata msibani alikaa mpaka mwisho.

"Shemeji, hizi zimekaangwa?" aliuliza, akiigeuza ya kwanza.

"Zilikuwa zinalinda mtama."

Alitaka kucheka, akamwangalia usoni, akaacha. Alisafisha moja kwa kitambaa, akaitia kwenye mashine. Ilizunguka, ikakwaruza, ikakataa. Akatia nyingine. Ikakataa. "CD za kujaza mwenyewe haziwezi jua," alisema kwa sauti ya chini. "Za dukani zingevumilia." Moja ilitoa kwaya nusu wimbo, ikanyamaza. Rundo la zilizokufa likazidi kupanda mezani, na Annastella akawa anaombea kila moja kama mgonjwa anayeitwa kuingia kwa daktari.

Mbili zilikubali. Zote mbili zilikuwa na konseto ile.

Ya kwanza waliisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa laini, imenyooka, kila kitu mahali pake. Annastella alifumba macho akasubiri. Hakuna kilichokuja. Huyu ameipiga pasi, alijisemea. Huyu ni yule mzee.

Ya pili, tangu sehemu ya polepole ilipoanza, alishika ukingo wa meza. Pumzi ilisikika. Kabla ya kupanda juu mpigaji alivuta hewa kwa nguvu, kama anayejitwisha mkungu wa ndizi, kisha akapanda, na huko juu sauti ikatetemeka kidogo, ikasimama. Annastella aliona mashavu. Aliona shingo yenye kovu la tetekuwanga, aliona shati la Jumapili. Machozi yalimtoka bila yeye kuyaita, akamshika Lukmani mkono.

"Ni yeye. Sikubahatisha. Ni yeye."

"Alhamdulillahi," Lukmani alisema, naye macho yamemlowa.

Waliiacha iendelee. Kwa kuwa Buberwa alikuwa akikatiza kila mara, Annastella hakuwahi kuusikia mwisho. Vyombo vyote vililia pamoja, vikanyamaza, na watu wakapiga makofi. Makofi ya ukumbi mzima, kwa mume wake! Alijikuta anatabasamu. Kisha juu ya makofi ikaja sauti ya mwanamume, Kiingereza cha redio, haina haraka. Ilitaja mji. Ilitaja okestra. Ilisema mpigaji wa klarineti alikuwa fulani, jina refu la kizungu, na kwamba alikuwa mgonjwa na hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kusikika.

Mashine ikajizima.

Lukmani alikohoa. "Labda hawakulijua jina la Mwalimu, wakasema la mwingine."

"Hapana."

"Basi ni ile ya kwanza, shemeji. Zimebaki mbili. Kama hii siye, basi ile ndiyo yeye."

"Zilikuwa nne," alisema Annastella, akitazama lile rundo.

Aliomba irudiwe ile ya kwanza. Lukmani akaitia. Annastella aliinamisha sikio mpaka karibu liguse spika, akatafuta mahali pa pumzi. Palikuwa kimya. Kama ni Buberwa, basi kule Ulaya alikuwa ameificha, na hakumwonyesha mtu. Kama si Buberwa, basi Buberwa alikuwa mezani pale, amepauka, au kwenye gari la mtoto wa Muleba. Alijaribu kulipenda lile jambo laini lililokuwa likipita. Alijilazimisha kama anayelisha mgonjwa asiyetaka. Alikuwa amemlilia mgeni, mgonjwa wa watu wengine, kwa machozi yote aliyokuwa ameyatunza, na sasa hapakuwa na kitu cha kumpa huyu.

"Zima," alisema.

Nje mvua ilikuwa imeanza, na wauza ndizi walikuwa wakivuta maturubai.

"Nikuwekee kwenye kadi usikilize kwa simu?" Lukmani aliuliza. "Hizi nazo hazitadumu."

Alimfikiria Ma Kokugonza, mkono wake mkavu kama jani la mgomba. Yule mama alikuwa akingoja mashavu yaliyojaa. Hakuwa akingoja mtu aliyepigwa pasi.

"Niwekee ile ya pili."

"Ya mzungu?"

"Ndiyo. Lakini uikate. Makofi yaache, yule wa redioni asianze kusema."

Lukmani aliivuta kompyuta yake, akafanya kazi akiwa ameinama, akasikiliza mwisho wake mara kadhaa: makofi, makofi, kisha kimya.

"Niiandike jina gani?"

Annastella alikuwa akizirudisha CD kwenye khanga, zilizokufa na zile mbili pamoja, bila kuzitenga. Alifunga fundo, akalikaza.

"Buberwa," alisema.