Waliokwisha Kukaribishwa

Profesa alikuwa bingwa wa wahamiaji. Redio ikitaka mtu wa kueleza wageni wanavyoishi, ilimpigia yeye, si wageni. Msaidizi wake, binti wa wahamiaji hao hao, alimheshimu mpaka siku alipofungua majibu ya utafiti wao na kukuta kioja. Akina mama wageni, hata wasiojua lugha ya nchi, walionekana wameshibana na wenyeji kama ndugu wa tumbo moja.

Sababu ilikuwa swali moja: "Mwezi huu umewahi kuingia nyumbani kwa mwenyeji?" Akina mama walijibu ndiyo, tena mara nyingi. Na kweli waliingia, na ndoo na tambara mkononi, wakasugua vyoo, wakatoka. Mama yake mwenyewe alikuwa miongoni mwao, na nyumba aliyoingia kila Jumamosi ilikuwa ya Profesa.

Msaidizi akamfuata ofisini. "Profesa, hawa hawaalikwi. Wanafanya usafi."

Profesa alikuwa akila chungwa juu ya rasimu. "Swali limeuliza kama wameingia. Halikuuliza wameingia kufanya nini."

"Basi tuwarudie, tuwaulize."

"Wizara inasubiri ripoti. Na matokeo mazuri, binti yangu, kwa nini tuyachokonoe?" Akatema kokwa kiganjani, akajifuta kwenye ukingo wa meza.

Msaidizi alijua wizara inatafuta nini: kisingizio cha kufunga madarasa ya lugha ya jioni, ambako mama yake, na mvi zake, alikuwa ameanza kujisemea mwenyewe bila kumtanguliza bintiye. Akaomba jina lake liondolewe kwenye ripoti. Likaondolewa, wala hakuna aliyemuuliza kulikoni. Ripoti ikapigiwa makofi na madarasa yakafungwa. Watu waliokwisha kukaribishwa majumbani, wafundishwe lugha ya nini tena?

Siku chache baadaye Profesa akamsimamisha ukumbini, uso unang'aa. "Nasikia darasa la mama limefungwa. Pole. Ila sasa si jioni atakuwa na nafasi? Aje na Jumanne, mke wangu amezidiwa na kazi za nyumbani."

Msaidizi aliutazama ule mdomo na kuona kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula alichokwisha kumeza. Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mama jikoni, akamweleza yote, hata lile la Jumanne. Mama akakausha mikono.

"Kwake siendi tena. Hata Jumamosi," akasema. "Lakini nataka nimwambie mwenyewe, usinisemee. Mtu akiacha kazi, kwa lugha yao anaagaje kwa adabu? Darasani hatukufika huko."

"Ya adabu sikufundishi, mama," binti akasema. "Kaa hapa nikufundishe ile nyingine."