Ukurasa Uliogoma Kisangani

Mchana ule umeme ulikuwepo, na Adeline na Dominique walikuwa wakila lituma, ndizi za kupondwa, kwa samaki wa moshi huku wakibishana juu ya lugha za kuandikia programu za kompyuta. Walibishana hivyo karibu kila siku ya kazi, katika chumba cha nyuma cha duka la jumla la mzee waliyemwita tonton Alphonse, katikati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Dishi la satelaiti lilikuwa juu ya paa, kompyuta mbili juu ya meza, na meza ilinata mafuta ya mawese.

Adeline aliipenda Perl. Alisema kwamba ukiiandikia masharti makali tangu mwanzo, haikubali upuuzi. Ukitaja jina, nayo ikaenda kumtafuta mwenyewe isimwone, inagoma pale pale na kukuuliza: huyu yuko wapi? Haisogei mpaka ujibu. Dominique aliiona tabia hiyo kuwa kiherehere. Yeye alikuwa mtu wa PHP, lugha mpya wakati huo, iliyokuwa ikiwapendeza vijana wa mtandao kila mahali. PHP isipomkuta mtu inachukulia kwamba hapo hapana kitu, inaacha nafasi nyeupe, inapita. Ukurasa unafunguka, mteja anafurahi, kila mtu anakwenda kwake kula.

Kazi yenyewe waliletewa na papa Édouard, msemaji wa wale waliokuwa wakiutawala mji. Alitaka dunia ione kwamba Kisangani kuna amani, basi akaagiza ukurasa wa mtandao wenye sura za wakazi wakiwa kazini. Wakapigwa picha: Mama Zaina wa Maniema na beseni lake la samaki, dereva wa toleka, teksi ya baiskeli, na baiskeli yake, fundi wa cherehani, na Lionel, mume wa Adeline, aliyekuwa akifungua na kufunga milango ya maji kwenye bwawa la Tshopo. Lionel alivaa kofia yake ya kazi, ya manjano, akacheka mpaka fizi zikaonekana. Programu iliwaita mmoja mmoja kwa jina. Adeline ndiye aliyeiandika, kwa Perl, kwa kuwa siku hiyo alimshinda Dominique kwa maneno. Ukurasa uliwekwa kwenye kompyuta ya kukodi huko Brussels, kwani umeme wa Kisangani haukuwa wa kuaminika.

Ulifanya kazi vizuri hadi mwezi wa tano. Majeshi mawili ya kigeni yaliyokuwa mjini, ambayo yaliingia nchini yakiwa marafiki, yalianza kuoneshana ubabe mitaani, na asubuhi moja ukurasa ukagoma kwa Mama Zaina, ukauliza yuko wapi. Wakati huohuo, katika chumba cha jirani, maji ambayo mke wa tonton Alphonse alikuwa akiyamimina kutoka kwenye bidoni yakasimama hewani. Sokoni unga wa muhogo ukasimama kati ya kopo na mfuko. Watu waliendelea kutembea na kuongea kama kawaida. Kilichosimama ni kile tu kilichokwisha kutoka mkononi mwa mtu.

Wanawake wa sokoni walikasirika, maana unga ulikuwa wao. Adeline alifunga kitambaa kichwani akaenda kumtafuta Mama Zaina, akamkuta katika chumba cha maiti cha hospitali, risasi ikiwa imemwingilia shingoni. Alirudi, akaandika kwenye programu kwamba Mama Zaina ameuawa na kwamba yuko pale hospitalini. Ukurasa ukaendelea. Maji yakaanguka ndani ya sufuria, unga ukaingia mfukoni. Papa Édouard alikuja jioni kulalamika kwamba neno "ameuawa" halipendezi kwenye ukurasa wa amani, na Dominique akamwambia kwamba PHP isingesema neno lolote.

Mwezi wa sita ubabe ukawa vita kamili. Jeshi moja lilikuwa upande huu wa daraja la Tshopo, jingine upande ule, na nyumba za watu katikati. Makombora yalianza alfajiri. Lililoangukia nyumba ya fundi cherehani lilimuua yeye na mama yake wakiwa wamelala. Lililofuata lilikata miguu ya mtu aliyekuwa akikimbia na godoro. Adeline mwenyewe aliandika vifo hivyo, huku akilia, kwa sababu bila hivyo ukurasa ungesimama. Kisha askari waliingia bwawani wakaondoka na Lionel. Hakuna aliyejua walimpeleka wapi.

Ukurasa ukagoma kwa Lionel, na makombora yakasimama hewani.

Yalisimama yalipofikia, mengine juu sana kama ndege weusi, mengine usawa wa mabati. Risasi zilining'inia barabarani kama inzi, na watu wakajifunza kuinama wanapopita. Askari walifyatua tena, na vilivyotoka vikasimama mita chache mbele ya pua zao. Wakabaki na mapanga na vitako vya bunduki, na hivyo wakavitumia, lakini kazi ilikwenda polepole. Madaraja na barabara walizifunga. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka mtaa wa Tshopo.

Adeline alimtafuta mumewe nyumba kwa nyumba. Kwenye ua wa jirani yake Florentine, kombora moja lilikuwa limeinamisha ncha juu ya jiko. Florentine alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, chini yake. Mkeka wa watoto alikuwa ameuvuta mpaka kwenye ukuta wa pili.

Adeline alimwambia ahame. Florentine hakuacha kutwanga.

"Niende wapi? Njia yote iko na maaskari," alisema. Kisha akashusha mchi. "Adeline, dada yangu. Usimupate haraka."

Adeline alitoka uani. Alikwenda hadi karibu na daraja, na hapo akamwona askari aliyeketi juu ya jiwe akila muwa, kichwani amevaa kofia ya manjano ya bwawani. Damu ilikuwa imekauka kwenye ukingo wake. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mahali alipo Lionel, mtoni au shimoni, angeuliza angepajua. Lakini aligeuka, akarudi nyumbani bila kuuliza, akalala kifudifudi kitandani na kuuma shuka ili asipige kelele. Tangu siku hiyo alijifanya anatafuta, na hakutafuta.

Basi maofisa wa majeshi yale mawili, waliokuwa hawajakubaliana juu ya jambo lolote tangu wafike nchini, walikuja pamoja katika duka la tonton Alphonse. Papa Édouard alitangulia kuwafungulia mlango. Walikwisha kuzima kompyuta zote mbili na kung'oa dishi, bila faida, na wakawa wamelirudisha, maana ukurasa ulikuwa Brussels.

"Ile mashini iko inauliza nini?" papa Édouard alisema.

"Iko inauliza Lionel iko wapi," Adeline akajibu.

"Bon. Uiambie."

"Mimi sijue. Ni hawa ndio wanajua."

Maofisa walitazamana. Mmoja wao alitazama kucha zake. Ingetosha sentensi moja ya kweli ili vita yao iendelee, na wote wawili waliona kwamba ni bei kubwa mno. Papa Édouard akamgeukia Dominique, akamuuliza kama ile lugha yake bado inaweza kupita bila kusema neno.

Dominique alisema inaweza, lakini hataki. Wakamlaza juu ya magunia ya chumvi. Wakamvunja vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kwa kitako cha bunduki, na wa kulia wakauacha kwa ajili ya kuandika. Adeline alimrukia ofisa mmoja, akapigwa teke la tumbo, akafungwa kwenye mguu wa meza. Kutoka pale sakafuni alimsikia Dominique akibonyeza vitufe, akivuta kamasi na kumwomba radhi, akibonyeza tena. PHP ni lugha rahisi. Hata mtu wa mkono mmoja haimchukui muda mrefu.

Ukurasa ulifunguka. Dereva wa toleka alionekana na baiskeli yake, na mahali pa Lionel palikuwa na nafasi nyeupe. Maofisa walitoka nje wakikimbia, kwa kuwa makombora yote yalikuwa yakishuka kwa pamoja. La kwanza Adeline alilisikia upande wa nyumbani kwake. Florentine walimkusanya kwenye kitenge chake mwenyewe, na watoto wakatosha kwenye kitenge cha pili.

Majeshi yale yaliondoka baadaye. Maiti zikazikwa, mji ukafagiliwa, ukapakwa rangi mahali palipobakia ukuta. Siku hizi watu wote wa Kisangani wanaotengeneza kurasa za mtandao wanapenda PHP, na ukurasa wa papa Édouard bado upo, na wageni wanaufungua bila kuona chochote cha ajabu.

Mwaka uliofuata vita mwalimu mmoja alikuja dukani kuagiza ukurasa wa shule yake. Aliuliza kwa nini kila mtu anaichagua lugha hiyo. Dominique, aliyekuwa akishika kikombe kwa kiganja kwa sababu vidole havikunjiki, alimjibu kama anavyowajibu wateja wote.

"Iko inasamehe, madame."

Adeline aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake.

"Inasamehe nani?" alisema. "Hakuna mutu alituomba musamaha."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akauliza kama ukurasa utakuwa tayari kabla shule haijafunguliwa. Dominique akasema ndiyo. Adeline akasogeza kiti chake na kuanza kuuandika, kwa PHP, kwani wanafunzi wengine wa shule hiyo walikuwa hawajulikani waliko, na ukurasa ulitakiwa ufunguke.