Bado Hajanifinya

Asubuhi, mwanga uliingia katika nyumba ya Nyar Uriri kwa matundu ya misumari. Bati lilikuwa kuukuu, misumari imelegea na kung'oka, na kila tundu lilishusha uzi wake mwembamba mpaka sakafuni. Ndani ya uzi vumbi lilipanda, vumbi likashuka, polepole, bila kelele, bila kumshika mtu mkono. Zilpah alikaa mkekani akalitazama. Vumbi halikumuuliza kwa nini hawatazami watu usoni.

Humo ndani dunia ilimwenea. Humo kikombe chake cha bluu kilikaa mahali pake, ugali wake haukugusana na mboga, na kila kola iliyomkwaruza shingo mama alikuwa ameikata kwa wembe. Humo alisokota kamba ya mkonge, akaifumua, akaisokota tena, na moyo ukatulia. Nje ya mlango ule ilikuwa Rangwe, na Rangwe ilikuwa na midomo.

Alikuwa mwanamke mzima. Wenzake wote walishaolewa, na miaka ile ya tisini ilivyokuwa, wengine walishazikwa. Watu wa soko walikuwa na majina ya kumpa. Wapo waliosema ana maringo, kwa kuwa hakuitikia salamu mpaka amalize kuifikiria. Wapo waliosema ni janeko, kichaa, kwa kuwa aliziba masikio kwa pamba gari la matangazo likipita. Wahubiri walisema ana pepo, wakamzunguka na kulipigia kelele litoke, kumbe kelele yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Lipo neno la watu kama Zilpah. Lilikuwa bado halijafika Rangwe, na hata lingefika, sijui nani angelifungulia mlango.

Mama yake hakulingoja neno hilo. Alikuwa ametoka Uriri kuja kuolewa huku, ndiyo maana wakamwita Nyar Uriri, binti wa Uriri, na binti huyo wa Uriri alimpa mwanawe dunia kipande kwa kipande, vile mtu anavyomtolea mtoto miiba ya samaki. Mtu akikusalimia, mtazame katikati ya nyusi, yeye atadhani ni macho. Akikupa mkono, upokee, ubane, uachie. Watu wakicheka, onyesha meno kidogo. Mtu akisema "nakuja" huku anakupa mgongo, jua anaenda zake.

Hilo la mwisho Zilpah alilinunua kwa jua kali. Muuza dagaa wa omena sokoni Rodi Kopany alimwambia "nakuja" akaondoka, na Zilpah akasimama palepale, kikapu mkononi, akimngoja, mpaka soko likavunjika na mbwa wakaja kunusa mafungu yaliyobaki. Mama alimkuta bado amesimama. Alicheka njia nzima, mama, kisha walipokaribia nyumbani akaacha kucheka.

Na matanga, jamani, matanga ya miaka ile! Ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa jina ulipita boma kwa boma. Kila Jumamosi palikuwa na turubai mahali, jenereta mahali, vipaza sauti, na wanawake wakija mbio langoni wakipiga nduru, kile kilio cha juu kinachotoboa. Kwa Zilpah nduru ilikuwa kitu cha kumwingia chini ya kucha. Lakini mtu asiyelia matangani hutazamwa, na anayetazamwa sana mwisho huulizwa anajua nini kuhusu kifo kile.

Basi mama akabuni alama. Walisimama bega kwa bega, mama akamshika kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Akikifinya, maana yake: sasa, lia. Na Zilpah alilia. Alilia vizuri, kwa sauti ndefu iliyonyooka, aliyojifunza kama watu wanavyojifunza wimbo wa kanisani, na sauti yake mwenyewe ikamfunika asisikie za wengine. Akifinywa tena, alinyamaza. Watu wakasema, binti huyu ana maringo, lakini msiba anaujua.

Kisha ugonjwa ukamgeukia mama.

Alikonda, akakohoa, akakonda tena. Siku ya kupelekwa hospitali Homa Bay alilazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, na majirani wakamwambia utapona, utarudi, tutakuona wiki ijayo. Mama alimwita Zilpah karibu. Hakusema "nakuja". Alisema, "Naenda, nyathina. Naenda, mwanangu."

Zilpah akaelewa. Ndiye peke yake aliyeelewa, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeambiwa. Akaanza kuomboleza siku ile ile, kwa namna yake. Hakukigusa kikombe cha bluu. Alilala upande wa mama, amejifunga kitenge cha mama kilichonuka moshi. Alisokota kamba ya mkonge mpaka vidole vikachubuka, akaifumua, akaisokota tena, na kila alipoisokota alimwita mama bila kufungua mdomo. Hakuna aliyekiita kilio. Hakikuwa na sauti.

Mwili uliletwa mchana wa jua. Zilpah alisimama langoni, pamba masikioni, mkono wa kushoto ukining'inia wazi, kidole kidogo amekitenga na vingine. Alingoja.

Pikapu ikaingia. Alingoja. Jeneza likashushwa, na Boaz, kaka yake, akajitupa chini akalia mchangani. Alingoja. Liz, mke wa Boaz, akapiga nduru, akakimbia mpaka kwenye migomba, akarudi amefunguka kilemba. Zilpah alingoja, mkono wazi, uso mkavu, na hakuna aliyekuja boma lile ambaye hakuuona ukavu wa uso ule.

Waya Benta, shangazi yao, dada wa marehemu baba, alimjia na machozi hadi kidevuni. "Zilpah! Ywag minu! Mlilie mama yako, kwani huoni watu wanakuangalia?"

"Bado," Zilpah akasema.

"Bado nini?"

"Bado hajanifinya."

"Nani hajakufinya?"

Zilpah hakuwahi kujua kusema uongo. Alinyoosha mkono akaonyesha jeneza.

Nduru zikakatika. Waya Benta akarudi nyuma, kiganja mdomoni. Lile neno likatoka langoni likafika jikoni, likazunguka kwenye masufuria, likashika njia, likafika sokoni Rangwe kabla mchungaji hajamaliza kuomba. Yule binti anangoja maiti amfinye. Yule binti ana mapatano na maiti. Jua lilipoanza kushuka walikuwa wameshakubaliana kwamba yeye ndiye aliyemla mama yake.

Inaniuma mpaka leo. Mama alimfundisha kila kitu, isipokuwa jinsi ya kumlilia yeye mwenyewe. Mwanafunzi angejuaje? Mwalimu alikuwa ndani ya sanduku.

Wazee walipoketi chini ya turubai, walizungumzia nyumba. Binti asiyeolewa hana nyumba kwa baba yake. Ana pa kulala tu, na pa kulala pa Zilpah palikuwa kwa mama. Waya Benta alikuwa na mtu tayari, mzee mmoja mjane wa Migori mjini anayetafuta mwanamke wa kumpikia, mwenye chumba nyuma ya stendi, pale magari yanapopiga honi tangu alfajiri. Mjane mwenyewe alikuja kuzika. Alimtazama Zilpah mikono, akamtazama mgongo, akaridhika.

"Siku ya kunyoa nywele za msiba tutakuwa hapa wote," Waya Benta akasema. "Alie kama watu, mbele ya ukoo, tujue hana kitu amekificha moyoni. Akilia, abaki kwa nyumba ya mamake, mimi sina maneno. Asipolia, mzee wa Migori amchukue."

Zilpah alisikia honi. Alisikia chumba kisicho chake na mkono usio wa mama.

Alijaribu. Aliingia zizini ng'ombe wakiwa malishoni, akashika kidole chake cha kushoto kwa mkono wake wa kulia, akafinya. Hakuna sauti iliyotoka. Akafinya kwa ukucha, akafinya mpaka ngozi ikafa ganzi. Kidole kilijua mkono ule ni wa nani.

Akamwendea Boaz, aliyekuwa akifunga ua wa boma kwa waya.

"Boaz, nifinye."

"Ati nini?"

"Mama alikuwa ananifinya. Kidole hiki. Akinifinya, nalia."

Boaz aliacha waya ukaanguka. Alikitazama kile kidole, kimevimba, kina damu iliyovilia, akamtazama dada yake, ambaye naye alikuwa akimtazama katikati ya nyusi kama alivyofundishwa.

"Kwa hivyo ile siku ulikuwa unamngoja?"

"Ndiyo."

"Haki, Zilpah."

Alitaka kumkumbatia, akakumbuka kwamba Zilpah hakumbatiwi. Akaegemeza mkono wake kwenye nguzo ya ua, karibu na mkono wa dadake, usiguse, akalia pale kama mtoto. Alipomaliza alijifuta kwa shati. "Mimi nitakuwa upande wa wanaume. Nitamwambia Liz akae na wewe. Usiogope. Huendi Migori."

Siku ya kunyoa wembe ulipita kichwa kwa kichwa, na nywele zikaanguka mchangani. Kichwa kipya cha Zilpah kilihisi upepo wote wa dunia. Ukoo uliketi, macho yote kwake. Mjane wa Migori alikuwa amevaa koti. Liz akasogea karibu, akakishika kidole kidogo, akafinya.

Zilpah alilia. Uwi, mama! Uwi! Ile sauti ndefu, iliyonyooka, ikapanda juu ya bati, ikavuka ua, ikawafikia watu waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya barabara, nao wakasimama na majembe yao. Wanawake wakaangua kilio. Wazee wakafuta macho kwa kofia. Waya Benta akaja mbio, akamkumbatia kwa mikono miwili, akamkumbatia tena, akisema, "Sasa huyu ni mtu! Sasa huyu ni mtoto wetu!" Wakamshika kichwa, wakamshika mabega, wakamshika mashavu, na Zilpah akavumilia, akaonyesha meno kidogo, akakumbuka kwamba hayo ni ya kucheka, akayafunika.

Nyumba ikawa yake. Mjane akanywa chai, akaondoka.

Lakini ndani ya kilio kile mama hakuwemo. Mlikuwa na bati, mlikuwa na mkeka, mlikuwa na hofu ya honi. Alimlilia mama siku nyingi peke yake na hakuna aliyemwona. Siku aliyoililia nyumba ndiyo siku waliyolia pamoja naye.

Na Liz alikuwa bado amekishika kidole. Alikitazama kama mtu aliyekuta ufunguo sebuleni na hajui ni wa mlango gani. Si mwanamke mbaya, Liz, na simsingizii. Alikuwa amechoka tu. Boma lisiloonekana kwenye msiba wa wenzake, msiba wake nao hauendewi, na miaka ile hakuna aliyejua zamu ya kesho ni ya nani. Misiba ilikuwa mingi, na yeye alikuwa na sauti moja, tena imekauka.

Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni pa Zilpah, kilemba kimefungwa vizuri, viatu miguuni.

"Wifi, toka. Kuna matanga Rodi Kopany, kwa kina Onyango. Watu wamekuulizia. Wanasema hakuna mwenye anaweza kulia kama wewe."

"Aliyekufa simjui."

"Si lazima umjue."

Zilpah aliisokota kamba. "Kama sitaki?"

Liz hakumkaripia. Aliangalia mle ndani taratibu, paa, mkeka, pembe ile ambapo magunia ya mahindi yangekaa vizuri. "Basi ukae," akasema. "Lakini Waya Benta naye atakuwa huko. Akiniuliza kama umekuwa mzima, nitamwambia nini?"

Kuku waliparua uani. Mbali, upande wa barabara, jenereta ya mtu ilikuwa imeshaanza kukoroma.

"Na hiyo pamba uitoe," Liz akaongeza. "Watu wataona."

Zilpah akatoa pamba sikio la kulia, akatoa ya kushoto, akaziweka juu ya mkeka. Akafunga mlango wa nyumba yake, akampa Liz kidole.