Kijiji Kilichopewa Miaka Saba

Ufalme wa Tamalaki ulikuwa na mpangilio wa kupendeza. Mfalme alikuwa na hekima, Baraza lilikuwa na kazi ya kuisikiliza, na raia walikuwa na bahati ya kutawaliwa. Pale mto unapoingia baharini palikuwa na kijiji cha Mlangoni, chenye visima vitatu, makaburi ya mawe, na tuta refu la udongo na fito za mikoko. Tuta hilo ndilo lililozuia maji ya chumvi yasiingie kwenye mashamba ya mpunga ya Mfalme.

Msimamizi wa tuta alikuwa Bi Mwanamvua, mama wa miaka sabini na mbili, aliyerithi kazi hiyo kwa mama yake. Kila mwaka, kabla ya bamvua kubwa, bahari inapojaa kupita kiasi, aliwatoa wanakijiji wakazibe nyufa. Ikulu haikuwahi kuwaagiza wala kuwashukuru.

Katika mwaka wa ishirini wa utawala wake, Mfalme akataka historia ya nchi iandikwe. Mwandishi akatumwa Mlangoni, akarudi na habari za kusikitisha. Kijiji kilikutwa na umri wa miaka mia mbili zaidi ya kiti cha enzi. Kibaya zaidi, babu wa ukoo wa kifalme alifika pale akielea juu ya gogo, uchi na mwenye njaa, akapewa chakula, kisha akafanya kazi kwenye tuta miaka mitatu.

"Kazi gani?" Mfalme akauliza barazani.

"Kubeba udongo, Mtukufu. Kwa kichwa."

Waziri wa Kumbukumbu akakohoa kwa adabu. "Mtukufu, miaka yote hiyo ni mingi mno kwa kijiji kidogo. Napendekeza kipewe saba."

Baraza lilijadili jambo hilo kwa kina, yaani lilingoja Mfalme atikise kichwa kukubali, kisha likapiga makofi. Na kwa kuwa watu wa miaka saba ni wageni tu, ardhi yao ikatengwa kuwa bustani ya mapumziko ya Mfalme.

Waziri mwenyewe akaenda kuwasomea tangazo.

"Baba, mimi nimezaliwa nyumba ile pale," alisema Bi Mwanamvua.

"Haiwezekani, mama. Kijiji hakikuwepo."

"Na mama yangu aliyezikwa pale?"

"Yale ni mawe."

Alasiri hiyo askari wakayabomoa makaburi. Bi Mwanamvua akaketi kwenye kifusi, akaokota kipande cha sahani ya kauri iliyopamba kaburi la mama yake, akakifuta kwa upindo wa kanga. Alilia bila sauti. Alipomaliza akawaambia wenzake wafunge mizigo, wavuke mto kwenda kilimani.

"Na tuta?" akauliza Shemlugu, fundi wake wa miaka mingi.

"Tuta lina mwenyewe sasa."

Bamvua lilikuja mchana kweupe. Tuta likapasuka sehemu nne, na kabla ya alasiri mpunga wote ulikuwa umesimama ndani ya maji ya chumvi. Barazani, Waziri alieleza kwamba maji yale yalikuwa machache sana ukiyalinganisha na bahari. Wajumbe wakafarijika. Askari, ambao chakula chao kilitoka mashambani yale, hawakufarijika.

Waliamriwa wajenge tuta jipya. Likaanguka. Wakajenga tena, likaanguka tena. Siku ya tisa mkuu wao akavuka kwenda kilimani pasipo kutumwa, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Tumeshindwa. Tufundishe."

Bi Mwanamvua alimtambua. Alikuwa mmoja wa wale waliobomoa.

"Marahaba. Mtaanza na makaburi," akasema. "Jiwe kwa jiwe. Kisha nitawaonyesha fito zinavyopangwa."

Wakayajenga. Halafu askari na wanakijiji wakashuka kwenye matope, na Bi Mwanamvua akawasimamia akiwa juu ya gogo, akikemea uvivu bila kujali vyeo.

Mfalme aliposikia kwamba jeshi lake linapokea amri za mama mmoja, akaja kulikemea, akibebwa kwa machela yenye mapazia. Wachukuzi walipofika, wakaitua machela ukingoni, wakachukua vikapu, wakaingia kazini. Naye Waziri alikuwa amesalia ikulu, anaumwa.

Mfalme akachungulia nje. "Nani atanirudisha?"

Kutoka juu ya gogo, Bi Mwanamvua akamnyooshea kikapu kitupu. Maji yalikuwa yanajaa, na nafasi moja kwenye tuta ilikuwa bado haijazibwa.